Maziwa ya ngamia ya Eastleigh yanastahili waonjaji

Mabasi ya Isiolo yanaposhusha mitungi ya maziwa Eastleigh, Nairobi, baada ya safari ya kilomita zipatazo 270, hukumu ya kwanza hutolewa na pua. Mama anayeyapokea hufungua kifuniko, hunusa, humimina kidogo kikombeni, huonja, kisha huamua: haya yatauzwa mabichi, haya yameanza kuchacha yawekwe kando kwa wanywaji wa susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochacha, haya yana kasoro. Ni uamuzi wa muda mfupi, lakini umebeba fedha za watu wengi: mfugaji aliyekamua porini, mkusanyaji wa Isiolo, mchukuzi, muuzaji wa rejareja, na familia ya Section One au Section Two inayongojea chai. Nasema uamuzi huo ni elimu, kwamba elimu hiyo inaweza kupimwa na kuandikwa, na kwamba wanasayansi wa Nairobi wenye mapenzi ya kuonja vitu wanapaswa kuja Eastleigh kuifanya kazi hiyo. Wenzao wa ng'ambo waliifanyia mvinyo, na baadhi yao waliifanya kwa mapenzi tu, nje ya kazi iliyowalipa mshahara. Maziwa ya ngamia yana haki kubwa zaidi ya kupata huduma hiyo. Hapa kwetu ni chakula cha mtoto na cha mgonjwa, ni riziki ya mama wa soko, na ni mali ya mfugaji ambaye ng'ombe wake hukauka kiangazi kinapokaza.

Anayetilia shaka kwamba ulimi na sayansi vina la kuambiana atazame kisa cha miaka ya 1920 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Muriel Bristol, mtafiti wa mwani, alikataa kikombe cha chai alichomiminiwa na Ronald Fisher, bingwa wa takwimu, kwa sababu chai ilikuwa imetangulia maziwa. Yeye alitaka maziwa yatangulie, na alishikilia kwamba akionja anaitambua tofauti. Fisher hakuamini. Mkemia mwenzao, William Roach, akashauri wamjaribu. Utaratibu ambao Fisher aliueleza baadaye, katika kitabu chake The Design of Experiments cha mwaka 1935, ni wa vikombe vinane: vinne maziwa yametangulia, vinne chai imetangulia, vyote vimechanganywa bila mpango wowote, na mwonjaji anatakiwa kuvitenga. Anayebahatisha ana nafasi moja tu kati ya 70 ya kuvipatia vyote. Simulizi iliyobaki inasema Bristol alivipatia. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, la mapumziko ya chai, lakini kutoka hapo Fisher alijenga kanuni ambazo hadi leo hutumika kupima dawa na mbegu. Ninachokithamini zaidi ni adabu ya tukio hilo. Mwanamke alidai kwamba ulimi wake unajua kitu. Hakuchekwa hadi akanyamaza, wala hakuaminiwa kwa heshima tupu. Dai lake lilitafutiwa njia ya haki ya kupimwa. Akina mama wa maziwa wa Eastleigh wana dai la aina hiyohiyo, nao wanastahili adabu hiyohiyo.

Waliochukua njia hiyo wakaipeleka mbali ni wapenzi wa mvinyo. Katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, Maynard Amerine na wenzake waliandaa kipimo cha alama 20 ili mwonjaji aeleze kasoro na ubora kimoja kimoja badala ya kusema tu amependa au hajapenda. Katika miaka ya 1980, Ann Noble wa chuo hichohicho alitengeneza duara la harufu. Aliondoa sifa za majivuno ambazo hazimwambii msikilizaji chochote, akaweka mahali pake majina ya vitu ambavyo mtu anaweza kuvinunua dukani na kuvinusa: limau, pilipili manga, asali, tumbaku. Kuanzia hapo watu wawili walioonja glasi moja wangeweza kubishana kwa maana, kwa sababu kila neno lilikuwa na sampuli yake ya kurejelea. Wafanyabiashara wa kahawa waliiga, wakatoa duara lao mwaka 1995 na kulifanyia marekebisho mwaka 2016.

Na ni wapenzi haohao wa mvinyo waliofichua udhaifu wa ulimi, jambo ambalo linawapa heshima zaidi machoni pangu. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo. Waliutia mvinyo mweupe rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalikuwa yameiambia pua la kusema. Kisha akaja Robert Hodgson, profesa mstaafu wa elimu ya bahari kutoka kaskazini mwa California, aliyetengeneza mvinyo katika kiwanda chake kidogo na kushangaa kwa nini mvinyo uleule ulipata medali ya dhahabu shindano moja na kutoka mikono mitupu shindano jingine. Aliomba ruhusa ya waandaaji wa maonyesho ya jimbo la California, akawapa waamuzi mvinyo kutoka chupa moja mara tatu bila wao kujua. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008, mwamuzi mmoja hivi kati ya kumi ndiye aliyetoa hukumu zinazolingana. Baadhi ya wengine walitofautiana na nafsi zao kutoka medali ya chini hadi ya juu. Wapo waliosoma matokeo hayo wakahitimisha kwamba uonjaji ni upuuzi. Mimi nayasoma vingine. Mmoja kati ya kumi alilingana na nafsi yake katika jaribio hilo, na bila jaribio la Hodgson asingeweza kutofautishwa na wale tisa wenye vyeo sawa na vyake. Mapenzi ya mwanasayansi yana faida pale tu anapokubali kuyapima mapenzi yake mwenyewe.

Kenya si mgeni wa mambo haya. Kabete, katika maabara zilizoitwa Scott, ndiko aina ya kahawa ya SL28 ilikoteuliwa katika miaka ya 1930, na ladha yake yenye ukali wa matunda imeipa kahawa ya Kenya sifa inayotajwa kote duniani. Kahawa yetu haifiki mnadani Nairobi kabla ya kuchemshwa, kunuswa, kufyonzwa kwa kijiko na kutemwa na watu waliofunzwa. Chai nayo ina waonjaji wake Mombasa, ambako mnada ulihamia mwaka 1969 kutoka Nairobi. Waonjaji hao wana meza, wana mizani, wana vikombe vya kipimo kimoja, wana maneno yao, na neno lao huongeza au hupunguza bei. Kwa nini basi majani ya chai ya Kericho yawe na mwonjaji wake, na maziwa ya ngamia wa Isiolo yasiwe na meza ya namna hiyo Eastleigh? Jibu langu ni kwamba kahawa na chai zilipandwa kwa ajili ya mnunuzi wa nje, na ulimi wa mnunuzi huyo ukajengewa taasisi hapa. Maziwa ya ngamia yalibaki chakula cha wafugaji, tena wafugaji wa kaskazini, ambako dola la mkoloni na hata la uhuru lilipeleka askari kwa wingi kuliko wataalamu wa vyakula. Hivyo ladha ya mgeni ikawa elimu, na ladha ya mwenyeji ikaachwa kuwa mazoea.

Kisingizio cha kwamba bidhaa ni ndogo hakipo tena. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu ngamia karibu milioni 3 nchini. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 4.6. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa maziwa ya ngamia, na Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2024 kuwa mwaka wa kimataifa wa wanyama wa jamii ya ngamia. Isiolo, vyama vya akina mama kama ushirika wa Anolei vimejenga biashara inayotuma maziwa Nairobi siku hadi siku, na soko lake kubwa ni Eastleigh.

Je, kuna cha kuonja? Kipo tele, na hapa ndipo suala linapopata utamu wake. Maziwa ya ngamia hubadilika kwa malisho: mnyama aliyekula mimea ya ardhi ya chumvi hutoa maziwa yenye chumvi ndani yake, na mama aliyekulia katika biashara hii hueleza kwa funda moja kama ngamia alikuwa penye magadi au penye migunga. Maziwa hayo hayana protini ya beta-laktoglobulini iliyomo katika ya ng'ombe, na kapa-kaseini yake ni kidogo, ndiyo maana hayagandi kirahisi na uzito wake mdomoni ni wa aina yake. Yakichacha hayatoi donge gumu kama mtindi wa ng'ombe. Hubaki mepesi, na mlaji anayetafuta donge atayadhania mabovu hali ni mazima. Halafu kuna moshi. Vyombo vya asili vya kufuma au kuchonga hufukizwa kwa vijinga vya miti maalumu, mmojawapo ukiwa mzeituni mwitu ambao Waborana huuita ejersa. Moshi huo hupunguza vijidudu, huchelewesha kuchacha, na huacha ladha ambayo kwa watu wengi wa Eastleigh ndiyo ladha ya maziwa yenyewe. Moshi ukipungua mnywaji hulalamika kwamba maziwa ni chapwa. Ukizidi, uchungu hukaa kooni. Kati ya hizo mbili kuna ngazi nyingi, na kila ngazi ina mpenzi wake.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kwamba ulimi uliofunzwa unaweza kulinda haki ya mtu. Mwaka 1980 Reuven Yagil na Zvi Etzion walichapisha utafiti kuhusu ngamia walionyimwa maji. Mnyama mwenye kiu, kinyume na matarajio ya wengi, alitoa maziwa yenye maji mengi zaidi: kiasi cha maji kilipanda kutoka asilimia 86 hadi 91, na mafuta yakashuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.1. Ni rehema kwa ndama jangwani, lakini ni balaa kwa mfugaji anapofika sokoni. Mpimaji aliyezoea ng'ombe, mwenye laktomita mkononi, ataona maziwa hafifu na kumshtaki muuzaji kwamba ametia maji ya mfereji. Mfugaji aliyepoteza nusu ya kundi kwa ukame anaongezewa tuhuma ya wizi. Maziwa ya ukame na maziwa yaliyozimuliwa hufanana kwa wepesi, lakini si lazima yafanane kwa chumvi, kwa harufu na kwa kinachobaki ulimini baada ya kumeza. Akina mama wa soko husema wanaweza kuyatofautisha. Sina sababu ya kuwakatalia, na sina haki ya kuwaamini bila jaribio. Vikombe vinane vya Fisher vinatosha kuanzia: vinne vya maziwa ya ukame, vinne vya maziwa yaliyotiwa maji, vyote vya wepesi uleule. Wakivitenga, mahakama ya soko itakuwa imepata shahidi ambaye laktomita haiwezi kuwa.

Pingamizi la kwanza linajulikana: ladha haina hukumu, kila mtu na chake. Pingamizi hili linachanganya mambo mawili, kupenda na kutambua. Kwamba mzee wa Garissa anapenda moshi mwingi na kijana aliyezaliwa Nairobi anapenda kidogo, hilo ni la kila mmoja na hakuna mtaalamu anayeweza kuwapatanisha. Lakini kwamba mtungi huu una moshi kuliko ule, kwamba haya yamekamuliwa jana na yale juzi, kwamba hapa pana harufu ya plastiki, hayo ni maswali yenye majibu. Njia ya kuyajibu ni rahisi. Mpe mwonjaji vikombe vitatu, viwili vya maziwa yaleyale na kimoja tofauti, umwombe akitaje kilicho pekee. Akibahatisha, ana nafasi moja kati ya tatu. Akirudia mara sita na kupatia zote, bahati peke yake ingemfikisha hapo mara moja kati ya 729. Hapo hakuna anayebaki kusema ni mazoea tu. Eastleigh yenyewe inatoa ushahidi kwamba walaji wa kawaida huweza kuwa na macho na ulimi mkali pindi bei inapofuata ubora. Mnunuzi wa miraa, mtu aipende biashara hiyo au aichukie, hatachanganya kangeta na giza, wala hatalipa bei ya moja kwa nyingine. Daraja hizo hazikuandikwa na wizara yoyote. Zilitoka Nyambene na sokoni, zikadumu kwa sababu wanaozitumia wanazijua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na ningesikitika kama lisingetolewa: afya kwanza. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, ugonjwa unaomwacha mtu na homa zisizoisha na maumivu ya viungo kwa miezi. Mitungi ya plastiki, mingi yake ikiwa ilibeba mafuta ya kupikia, ni vigumu kuisafisha na haiwezi kufukizwa vizuri kama chombo cha mti, na idadi ya vijidudu huongezeka kadiri maziwa yanavyosafiri kutoka kiwele hadi Nairobi. Mwaka 2012 Christoph Jans na wenzake wa ETH Zürich, pamoja na watafiti wa Afrika Mashariki, walieleza kwamba bakteria anayetawala katika susa ya Kenya na Somalia ni Streptococcus infantarius, wa ukoo ambao baadhi ya jamaa zake husababisha maradhi kwa binadamu. Haya yote ni kweli, na hakuna ulimi unaoweza kuionja brusela. Mwonjaji anayedai kuthibitisha usalama kwa kuonja ni hatari kwa umma na afukuzwe mezani. Kwa hiyo sampuli za kuonja lazima zipimwe maabara na kupashwa moto kwanza, nyuzi 63 kwa dakika 30, kiwango kimojawapo kinachojulikana cha kuyapasha maziwa. Hata hivyo pingamizi hili haliishii pale wanapodhani wanaolitoa. Miaka mingi tumewaambia wauzaji wapashe maziwa moto na waache plastiki, na wengi hawajaacha, kwa sababu mteja wao husema maziwa yaliyochemshwa yamepoteza ladha. Nani anajua ni ladha ipi hasa inapotea, kwa joto gani, baada ya dakika ngapi, na kama moshi wa ejersa katika chombo cha chuma unaweza kuirudisha? Hilo ni swali la waonjaji. Ushauri wa afya unaopuuza ulimi wa mteja utaendelea kusomwa warshani na kusahaulika sokoni. Anayetaka Eastleigh inywe maziwa salama atafute kwanza maziwa salama ambayo Eastleigh itayapenda.

Wapo watakaouliza inakuwaje mfano wa mvinyo uletwe katika mtaa wenye misikiti mingi na watu wasioigusa pombe. Wanastahili jibu la wazi. Kinachoombwa kuazimwa ni njia ya kupima, na njia hiyo haikuzaliwa katika chupa: ilizaliwa katika kikombe cha chai ya maziwa pale Rothamsted. Maziwa ya ngamia yana heshima yake katika Uislamu na katika utamaduni wa Wasomali, na kuyachunguza kwa makini ni kuyaheshimu.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonipa taabu, na sitalipita haraka. Linasema hivi: madaraja huleta wenye mitaji. Leo mama wa Eastleigh anauza kwa sababu wateja wanamwamini yeye. Kesho daraja likibandikwa kwenye pakiti, mteja ataiamini pakiti, na mwenye kiwanda atanunua maziwa ya daraja la kwanza yote, amwachie mama makapi. Historia ya kahawa inawapa nguvu wanaosema hivyo. Ubora wa kahawa ya Nyeri na Kirinyaga umesifiwa kwa miaka mingi katika mikahawa ya Ulaya na Marekani, na mkulima wake ameendelea kulalamikia malipo, mara nyingi bila kuwahi kuonjeshwa kahawa yake mwenyewe ikiwa imekaangwa vizuri. Elimu ya ladha ilikaa upande wa mnunuzi, na faida ikaifuata. Sikatai hata kidogo kwamba jambo hilo linaweza kutokea kwa maziwa. Lakini dawa yake haiwezi kuwa kukaa bila madaraja, kwa maana wenye mitaji hawatatungoja. Tayari maziwa ya ngamia ya pakiti yapo katika maduka makubwa ya Nairobi, na daraja likitungwa kiwandani litatungwa bila mama yeyote wa Eastleigh kuulizwa. Kosa la kahawa lilikuwa kuhusu nani aliketi mezani. Hapa kiti cha kwanza kiwe cha wauzaji na wafugaji wenyewe. Wapimwe, ndiyo, kama Hodgson alivyowapima waamuzi wa California, na wapimwe pamoja na maprofesa kwa vikombe vilevile. Nina imani kubwa kwamba miongoni mwa akina mama hao watapatikana wengi kuliko mmoja kwa kumi. Watakaofaulu wapewe cheti, walipwe kwa kila kikao, na jina la ushirika wao liandikwe kwenye kila daraja wanalolitoa. Eastleigh ina rekodi ya kujenga imani ya biashara pasipo kushikwa mkono. Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu waliokimbia kuporomoka kwa Somalia waliigeuza vyumba vya maduka, na kutoka hapo likazuka soko ambalo leo linalisha wachuuzi hadi Kampala na Goma. Mtaa uliofanya hivyo hautashindwa kumiliki madaraja ya maziwa yake.

Gharama si kubwa. Panahitajika chumba chenye mwanga sawa na kisicho na harufu ya jikoni, vikombe vya aina moja vilivyoandikwa namba za siri, jokofu, kipimajoto, maji ya kusuuza kinywa, na mtu mmoja anayejua takwimu za kutosha kupanga vikombe bila upendeleo. Panahitajika pia daftari la maneno, na hili ndilo ningelianza kabla ya yote. Maneno ya ladha ya maziwa haya tayari yapo katika Kisomali, Kiborana, Kirendille na Kiswahili cha sokoni; yakusanywe kutoka kwa wanaoyatumia, na kila neno liwekewe sampuli yake: kijinga cha mti fulani, chumvi ya kipimo fulani, maziwa ya saa 12, ya saa 24, ya saa 48. Maneno yakitoka California yatakuja na limau na tumbaku, na hayatamsaidia mtu yeyote Isiolo. Idara ya sayansi ya vyakula ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, karibu na mahali SL28 ilikoteuliwa. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kiko Juja, safari ya chini ya saa mbili hata kwa msongamano wa barabara ya Thika. Kote huko wamo watafiti wanaozijua protini za maziwa haya kwa majina, na maandishi ya mtafiti Zakaria Farah juu ya maziwa ya ngamia yamekuwa mikononi mwa wanafunzi tangu miaka ya 1990. Wamo pia, bila shaka, wale ambao mwisho wa juma huonja kahawa, jibini, asali au mvinyo kwa daftari na kalamu, kwa raha zao, na wanajua kupanga vikombe vya siri kwa marafiki.

Kwao ndiko ombi hili linakoelekezwa. Ustadi wenu wa mwisho wa juma unahitajika Eastleigh katikati ya juma. Nendeni na vikombe vyenu kwa vyama vya wauzaji, mwombe ruhusa, mketi chini yao kama wanafunzi kabla ya kuwapima kama watafiti. Bodi ya Maziwa ya Kenya nayo, pamoja na serikali za kaunti za Isiolo na Nairobi, zitenge fedha za chumba kimoja cha kuonjea karibu na mahali mabasi yanaposhushia mizigo, na ziwaandikie kazi waonjaji wa kwanza kutoka kwa akina mama waliopo hapo sasa. Chumba hicho kinaweza kufunguliwa kabla ya kiangazi kijacho, wakati ambapo maziwa yatakuwa mepesi tena na wafugaji wataanza kutuhumiwa.